Kuletwa, Kumezwa, Kujenga Mwili: Uhakiki wa Mbinu za Kuchunguza Chakula cha Makinda ya Ndege kwa Kuzingatia Kauma na Dzaleka, Malawi

Ikisiri

Makala hii inahakiki mbinu zinazotumiwa kubaini chakula cha makinda ya ndege waimbao porini: uchunguzi wa firigisi, kitanzi cha shingoni, kamera ya kiotani, uchambuzi wa kinyesi, usomaji wa vinasaba na vipimo vya isotopu. Hoja yake ni kwamba neno "chakula" katika maandishi ya fani hii hubeba maana tatu, yaani kinacholetwa kiotani, kinachomezwa na kinda, na kinachojenga mwili wake. Kila mbinu hupima sehemu tu ya maana hizo, na kuzichanganya kuna matokeo ya kisera, hasa pale ndege anapohukumiwa kuwa mwizi wa nafaka au rafiki wa mkulima. Mifano inatoka Amani, Kisumu na maeneo mawili ya Malawi ya kati: mabwawa ya majitaka ya Kauma jijini Lilongwe, na makazi ya wakimbizi ya Dzaleka wilayani Dowa.

Utangulizi

Mshauri wa sera anayeulizwa iwapo koloni la ndege lipuliziwe sumu au liachwe huhitaji jibu la swali rahisi kutamka: ndege hawa hula nini? Maandishi ya elimu ya ndege ya Afrika yana majibu tele. Kitabu kikubwa cha marejeo, The Birds of Africa, kilichoanza kutoka mwaka 1982, hutenga kifungu cha chakula kwa spishi baada ya spishi. Aghalabu kifungu hicho ni orodha: mbegu, panzi, viwavi, buibui. Hatuna sababu ya kuitilia shaka orodha yenyewe. Tatizo ni kwamba msomaji haelezwi kila mara kama panzi yule alionekana mdomoni mwa mzazi, alitolewa katika firigisi ya ndege aliyepigwa risasi, au alitambuliwa kwa kipande cha taya ndani ya kinyesi. Wala haelezwi kila mara kama mlaji alikuwa ndege mzima au kinda wa siku tatu.

Tofauti hiyo ni kubwa kwa ndege wa jamii ya mnana na kwelea. Ndege mzima wa jamii hii huishi kwa mbegu sehemu kubwa ya mwaka. Kinda wake hawezi. Katika siku za kwanza baada ya kuanguliwa hulishwa wadudu kwa wingi, kisha mbegu huongezeka kadiri anavyokua. Jambo hili limeandikwa kwa kirefu kuhusu kwelea domo-jekundu, tangu tafiti za Peter Ward nchini Nijeria katika miaka ya 1960 hadi kitabu kilichohaririwa na Bruggers na Elliott mwaka 1989. Hata hivyo, mjadala wa sera unapofika mezani, ndege huyo huitwa mla nafaka na maneno huishia hapo.

Vitenzi vitatu

Kiswahili kinatusaidia hapa kuliko tunavyodhani. Tukisema chakula kimeletwa, tumezungumzia kazi ya mzazi. Tukisema kimemezwa, tumezungumzia kinda. Tukisema kimejenga mwili, tumezungumzia kilichobaki baada ya usagaji, yaani misuli, damu na manyoya. Kati ya hatua ya kwanza na ya tatu vitu vingi hupotea: mzazi huondoka na mdudu aliyemleta, kinda huangusha alichopewa, gamba la mbawakawa hutoka kama lilivyoingia. Ripoti inayotumia neno "lishe" kwa hatua zote tatu humwachia msomaji kazi ya kubahatisha.

Mfano mzuri wa uangalifu katika eneo letu ni wa zamani. Reginald Moreau alifanya kazi katika kituo cha Amani, Usambara Mashariki, kuanzia 1928 hadi 1946. Yeye na mkewe Winifred, wakisaidiwa na watazamaji wenyeji waliofunzwa kukaa karibu na viota na kuandika kila ziara, walifuatilia hondohondo akilisha familia yake iliyofungiwa ndani ya shina la mti. Walikadiria kwamba dume mmoja alileta takriban matunda 24,000 katika ziara 1,600 kwa muda wa siku 120. Takwimu hiyo inaaminika kwa sababu hondohondo huyo hutapika tunda moja baada ya jingine mlangoni, na mtazamaji anaweza kuhesabu. Na inaeleweka kwa sababu haidai kupita kiasi: ni hesabu ya kilicholetwa. Hondohondo si ndege mwimbaji, na waimbaji wengi hawatufanyii hisani hiyo. Mnana huingia katika kiota kilichofumwa chenye mlango kwa chini, humlisha kinda gizani, na huondoka katika sekunde chache.

Firigisi na hukumu ya mwizi

Mbinu kongwe ni kumuua ndege na kumpasua. Bado ndiyo chimbuko la sehemu kubwa ya tunachodai kukijua, na ndiyo inayohitaji kuhakikiwa kwa ukali zaidi, kwa kuwa makosa yake yana mwelekeo. Mdudu laini husagika haraka mno, ilhali mbegu ngumu hukaa firigisini kwa muda mrefu. Swanson na Bartonek (1970) walilionyesha hilo kwa bata wa Marekani Kaskazini, wakilinganisha kilichokuwa katika umio na kilichokuwa katika firigisi. Custer na Pitelka (1975) wakatafuta viwango vya kusahihisha tofauti za usagaji kwa ndege mdogo wa kaskazini ya mbali. Dillery (1965) alikuwa amekwisha kuonya kwamba usagaji huendelea hata baada ya ndege kufa, hivyo saa zinazopita kati ya risasi na chupa ya dawa ya kuhifadhia nazo huhesabika.

Tuyahamishie hayo kwenye shamba. Ndege aliyekula viwavi kumi na punje tatu asubuhi, akapasuliwa mchana, ataonekana mla punje. Kama sampuli zilikusanywa wakati wa mavuno, na huo ndio wakati malalamiko ya wakulima hupanda na fedha za uchunguzi hutolewa, upotofu huongezeka maradufu. Katika Malawi ya kati mnana hujenga na kulea wakati wa mvua, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Machi, mahindi yakiwa bado yanakua. Uchunguzi wa firigisi za ndege wazima mwezi Mei hauna neno la kusema kuhusu kilichopelekwa kwa makinda Januari. Ni sawa na kutaka kujua futari ya mtu kwa kumtembelea mwezi wa Shawwali.

Hapa pana suala la haki pia, kama tunaruhusiwa kutumia neno hilo kwa ndege. Mwanzoni mwa 2023 makundi ya kwelea yalivamia mashamba ya mpunga ya Kisumu, na serikali ya Kenya ikapulizia dawa. Hasara ya mkulima wa mpunga ni ya kweli na haihitaji firigisi kuithibitisha. Lakini hoja iliyothibitishwa kwa mpunga wa Kisumu haiwezi kusafirishwa hadi Dowa bila ukaguzi. Kwelea hupenda punje ndogo: mpunga, mtama, uwele, ngano. Punje ya hindi lililokomaa ni kubwa mno kwake. Mnana wenye midomo minene huweza kutoboa mahindi mabichi, na ni lazima watenganishwe na kwelea kabla ya neno "ndege waharibifu" kuingia katika waraka wowote wa serikali.

Kitanzi, kamera na suala la umri

Katika miaka ya 1930 Kluijver, akichunguza kwenzi nchini Uholanzi, alitumia njia ya kufunga shingo ya kinda kwa wepesi ili apumue lakini asimeze, kisha chakula kikatolewa kooni kwa koleo ndogo. Kitanzi cha shingoni kimetumika tangu hapo katika nchi nyingi, kwa uzi, kwa waya laini uliofunikwa, na baadaye kwa vifungo vya plastiki. Kasoro zake zinajulikana vyema, na Johnson, Best na Heagy walizitengea makala nzima mwaka 1980. Wadudu wadogo hupenya. Kinda aliyekabwa huweza kutema, na mzazi humwondolea tonge na kwenda nalo. Kinda asiyeshiba hulilia chakula zaidi, na kilio hicho hubadili mwenendo wa mzazi. Kitanzi kikikaza, kinda hufa.

Ila kasoro iliyo nzito zaidi kwa hoja yetu hutajwa kwa sauti ya chini: kitanzi hakifai kwa kinda mchanga sana. Shingo yake ni laini mno. Watafiti kwa kawaida husubiri siku kadhaa, na siku hizo ndizo zenye chakula cha pekee. Royama, aliyetumia kamera ya kujiendesha katika masanduku ya viota huko Japani na Uingereza, alionyesha mwaka 1970 kwamba wazazi wa titi mkubwa huleta buibui kwa wingi katika umri fulani wa makinda, kisha hupunguza. Baadaye Arnold na wenzake (2007) walihusisha buibui hao na taurini, kirutubishi chenye athari katika ukuaji na tabia ya ndege wadogo. Kwa kwelea na mnana, siku hizo za mwanzo ndizo za wadudu. Utafiti wa kitanzi ulioanza siku ya tano utakuta mbegu zimekwisha kuongezeka, na utaandika wastani ambao haukuwa chakula cha kinda yeyote katika siku yoyote.

Kamera huepuka mengi ya hayo, na bei yake imeshuka kiasi cha kufikiwa na vyuo vyetu. Watafiti vijana huipenda kwa sababu haimgusi ndege. Tunaipenda pia, lakini si kwa imani ile ile. Kamera huona kilichoko mdomoni. Panzi anaonekana, kiwavi anaonekana. Mbegu anazozibeba mzazi ndani ya koo na kuzitapikia kinywani mwa kinda hazionekani kabisa. Basi firigisi humpendelea mshtaki na kamera humpendelea mshtakiwa. Tafiti mbili zilizofanywa kwa uaminifu kamili juu ya koloni moja zinaweza kumpa waziri majibu yanayopingana, kila moja ikiwa na majedwali yake, na hakuna mtafiti aliyesema uongo.

Isitoshe, haifai kukitupa kitanzi kwa sababu tu kamera imekuja. Mbayuwayu huleta tonge la wadudu wadogo walioshikamana, pengine makumi kwa mara moja. Kamera itaonyesha tonge jeusi, basi. Kitanzi, kikitumiwa na mkono uliozoea kwa muda mfupi, hulitoa tonge likiwa zima na kila usubi akahesabika. Dawa za kutapisha, kama ile ya tartari ya antimoni, tungependa kuzifungia mlango kabisa kwa makinda. Hatari yake haina uwiano na faida.

Kinyesi na vinasaba

Makinda ya ndege wengi waimbao hutoa kinyesi kikiwa ndani ya kifuko chembamba ambacho mzazi hukibeba na kukitupa mbali. Kinda akishikwa, mara nyingi hutoa kifuko hicho mkononi bila kulazimishwa. Kwa darubini, mtafiti hupata mataya ya viwavi, meno ya buibui, mabawa magumu ya mbawakawa. Mbinu hii hupima kilichomezwa, si kilicholetwa tu, na ina huruma. Udhaifu wake ni kwamba chenye sehemu ngumu huonekana zaidi ya kilicho laini, na jicho la mchambuzi huchoka.

Usomaji wa vinasaba vya mawindo ndani ya kinyesi umekuja kama mkombozi. Tangu Hebert na wenzake walipopendekeza mwaka 2003 kwamba kipande kifupi cha kinasaba kitumike kama alama ya utambulisho wa spishi, maabara zimeweza kutaja majina ya wadudu ambao darubini ingeishia kuwaita "kiwavi". Jedlicka na wenzake (2013) walionyesha kwamba njia hii inafaa kwa ndege wala wadudu. Kwa Malawi manufaa yako wazi. Viwavijeshi vamizi viliripotiwa Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016 na kusambaa haraka katika mahindi ya ukanda wetu. Kamera haiwezi kutofautisha kiwavi huyo na binamu zake. Kinasaba kinaweza.

Lakini tuwe waangalifu na lugha ya ushindi inayoandamana na mbinu hii. Kinasaba hakisemi kama kilichomezwa ni kiwavi au nondo aliyekomaa, na kwa mkulima tofauti hiyo ndiyo hoja yenyewe, kwa kuwa anayetafuna majani ni kiwavi. Hakisemi kama mdudu aliliwa na kinda au alikuwa tumboni mwa buibui aliyeliwa na kinda. Vianzio vinavyotumika kunasa vinasaba hupendelea makundi fulani ya wadudu na kuyakosa mengine. Idadi ya nakala zilizosomwa si idadi ya wadudu, jambo ambalo Deagle na wenzake (2019) walilijadili kwa upole zaidi kuliko tungefanya sisi. Na jina hutoka tu kama limo katika maktaba ya marejeo, ilhali wadudu wa Ulaya wamesajiliwa kwa wingi kuliko wa Dowa. Mdudu asiye na jina katika maktaba hugeuka kuwa mdudu asiyeliwa. Suala la sampuli kupelekwa nje nalo si dogo: Itifaki ya Nagoya ya 2010 inadai makubaliano kabla ya rasilimali za kijenetiki kuvuka mpaka, na makubaliano huchukua muda mrefu kuliko msimu wa kulea.

Kauma na Dzaleka

Kauma ni kitongoji cha Lilongwe chenye mabwawa ya kusafishia majitaka ya jiji, na wapenda ndege wamekwenda huko kwa miaka mingi kwa sababu mabwawa ya aina hii huvuta ndege wa kila namna. Maji yenye rutuba huzaa usubi, na usubi huwalisha mbayuwayu pamoja na yule ndege mweusi na mweupe atikisaye mkia kandokando ya maji. Dzaleka, yapata kilomita 45 kutoka jijini, ni nchi nyingine kabisa. Palikuwa gereza, pakafanywa kambi ya wakimbizi mwaka 1994 kwa watu 10,000 hadi 12,000, na leo panaishi zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, Kiswahili kikiwa lugha ya soko na ya uwanja wa mpira. Pembezoni mwake ni mashamba ya mahindi.

Kulinganisha chakula cha makinda katika sehemu hizi mbili ni wazo linalojipendekeza lenyewe: kuna mashaka ya sumu za majitaka upande mmoja, na swali la viwavi vya mahindi upande wa pili. Ni hapa ambapo isotopu, mbinu inayosifiwa kwa kupima kile kilichojenga mwili, inahitaji kuangaliwa kwa jicho la mahali.

Chukua kaboni kwanza. Mahindi, mtama, uwele na nyasi nyingi za tropiki huacha alama ya aina moja. Mpunga, miti na maharage huacha nyingine. Kisumu alama hiyo ingeweza kutenganisha mpunga na mbegu za nyasi za porini, na ingekuwa ushahidi wa maana. Dzaleka haiwezi kutenganisha hindi na nyasi, wala panzi aliyekula nyasi na ndege aliyekula mbegu zake. Mbinu ile ile, vifaa vile vile, inajibu swali katika wilaya moja na kunyamaza katika nyingine.

Naitrojeni ni mtego mkubwa zaidi. Kwa kawaida aina nzito ya naitrojeni huongezeka kila tunapopanda ngazi ya ulaji, hivyo kinda aliyekuzwa kwa wadudu huonyesha kiwango cha juu kuliko aliyekuzwa kwa mbegu. Lakini majitaka yenyewe huwa na naitrojeni nzito, na mmea unaokua kando ya mabwawa huichukua. Kinda wa Kauma aliyelishwa mbegu za nyasi za ukingoni anaweza kuonekana maabarani kama mla wadudu akilinganishwa na ndugu yake wa Dzaleka. Mtafiti asiyechukua sampuli za nyasi, mbegu na wadudu wa kila mahali kama msingi wa vipimo atagundua tofauti ya lishe ambayo kwa kweli ni tofauti ya mabomba. Tunashikilia kwamba utafiti wowote wa isotopu unaolinganisha maeneo haya bila msingi huo usipitishwe na kamati yoyote ya uhakiki.

Kinachoweza kufanywa msimu ujao

Kwa swali la viwavi vya mahindi pembezoni mwa Dzaleka, tunapendekeza kamera na kinyesi vitumike pamoja juu ya viota vile vile, kuanzia siku ya kwanza ya kuanguliwa. Kinasaba kitataja spishi, kamera itasema kama aliyeletwa alikuwa kiwavi au nondo, na mbegu zisizoonekana kwenye kamera zitatafutwa katika kinyesi kwa darubini na kwa vinasaba vya mimea. Firigisi za ndege wazima hazina kazi hapo. Kwa mbayuwayu wa Kauma, kitanzi cha dakika chache kwa makinda wenye umri wa kati, pamoja na vipimo vya metali katika manyoya, vitafaa kuliko kamera.

Kazi ya kutazama viota haihitaji shahada. Ujuzi wa mahali viota vilipo uko kwa vijana wanaotega ndege kwa ulimbo, neno ambalo Kichewa na Kiswahili wanalitamka sawasawa, na mtafiti atakayewapuuza atapoteza nusu ya msimu akitafuta alichoweza kuonyeshwa asubuhi moja. Walipwe, na majina yao yaandikwe katika chapisho kama watakavyo wenyewe. Ratiba nayo izingatie kwamba mwaka 2023 serikali ya Malawi iliwaagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi nje warudi Dzaleka: timu mbili zilizo na makao kila moja mahali pake zinatekelezeka, timu moja inayosafiri kila siku kati ya Dowa na Kauma haitekelezeki. Kibali cha Idara ya Hifadhi za Taifa na Wanyamapori kiombwe mapema, kwa kuwa viota havisubiri mihuri.

Fomu ya shambani iwe na safu ya umri wa kinda kwa siku, na mbele ya kila rekodi ya mawindo iwekwe moja ya alama tatu: kimeletwa, kimemezwa, kimejenga mwili. Tumeijaribu safu hiyo kwa kuipitisha juu ya majedwali ya tafiti tulizozitaja hapa. Mengi yanaweza kujazwa bila shida. Yanayogoma kujazwa ni yale yanayonukuliwa zaidi katika nyaraka za udhibiti wa ndege, kwa sababu yamejumlisha firigisi, kitanzi na macho ya mpita njia katika asilimia moja.